Alama za Mkopo za Bure na Anayezilipia

Siku hizi karibu kila kampuni kubwa ya kadi za mkopo Marekani humwonyesha mteja alama zake bila kumtoza senti. Unafungua programu ya benki kwenye simu kuona kama mshahara umeingia, na hapo pembeni pana nusu duara yenye rangi, nyekundu huku na kijani kule, na namba katikati: 612, 688, 741. Kwa mtu aliyetoka Mombasa, Mwanza au Bukavu akahamia Columbus au Dallas, namba hiyo haikwepeki. Mwenye nyumba ya kupanga anaiuliza, muuza magari anaiuliza, hata kampuni ya simu huitazama kabla ya kukupa simu ya kulipia kidogo kidogo. Basi wengi huuliza zinapandaje. Wachache sana huuliza kwa nini wanaonyeshwa bure, na mimi naona anayelielewa jibu la swali hilo la pili ndiye anayejua la kufanya na namba yake.

Hazikuwa bure tangu mwanzo. Kampuni ya Fair Isaac, iliyoanzishwa mwaka 1956 na Bill Fair na Earl Isaac, ilitoa alama za jumla za FICO mwaka 1989, kati ya 300 na 850. Kwa zaidi ya miaka kumi mkopeshaji alizisoma na mkopaji hakuziona. Sheria ya mwaka 2003 iliwapa Wamarekani haki ya kupata ripoti ya mikopo bure mara moja kwa mwaka kutoka kwa kila moja ya kampuni tatu zinazoweka kumbukumbu za wakopaji, yaani Equifax, Experian na TransUnion. Lakini ripoti ile ilikuja bila alama. Ukizitaka alama, ulinunua.

Novemba 2013 FICO ikaanzisha mpango wake wa Open Access: benki iliyokwisha kununua alama za mteja kwa ajili ya kumchunguza iliruhusiwa kumwonyesha mwenyewe. Barclaycard na First Bankcard zilikuwa za mwanzo, na Discover ikaanza kuzichapisha kwenye taarifa za kadi za kila mwezi. Februari 2014 Richard Cordray, aliyekuwa mkurugenzi wa shirika la serikali la kulinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, aliwaandikia wakuu wa kampuni kubwa za kadi akiwahimiza wafuate njia hiyo. Walifuata, tena wakapita alipotaka. Mwaka 2016 Discover na Capital One zilifungua huduma hiyo kwa mtu yeyote, hata asiye na kadi yao.

Hapo ndipo pa kutia shaka njema. Benki inamlipia mtu isiyemjua gharama ya kutazama alama zake. Inapata nini?

Faida ya kwanza ni ya haki, na nawe unashiriki. Mtu anayeziona alama zake huelekea kulipa vizuri zaidi. Watafiti Tatiana Homonoff, Rourke O'Brien na Abigail Sussman walilichunguza jambo hili kwa wateja zaidi ya 400,000 wa mikopo ya wanafunzi ya Sallie Mae. Waliotumiwa barua pepe za kuwakumbusha kwamba alama zao zipo tayari walizitazama zaidi, na walipunguza kuchelewesha malipo. Badiliko lenyewe lilikuwa dogo, lakini lilidumu. Watu walianza kujikadiria kwa usahihi zaidi, hasa wale waliokuwa wakijidhania wako juu kuliko walivyo. Kwa mkopeshaji mwenye mamilioni ya wateja, upungufu mdogo wa wanaochelewa ni fedha nyingi. Kwa hiyo hakuna ujanja hapo. Anataka ulipe, na wewe unataka kulipa.

Faida ya pili ndiyo ya kuangaliwa kwa macho mawili. Namba inayobadilika kila mwezi inakurudisha kwenye programu, na chini ya namba kuna duka. Kadi hii "imechaguliwa kwa ajili yako", mkopo ule "umekwisha kukubaliwa". Kwa kuwa anayekuonyesha namba ndiye anayeijua, anajua pia ni kiasi gani cha riba unaweza kuvumilia. Mwaka 2022 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliituhumu kampuni ya Credit Karma, ambayo nayo huonyesha alama bure, kwamba iliwaambia watu wamekwisha kukubaliwa kadi, na karibu theluthi moja yao walipoomba wakakataliwa. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 3. Madhara yake kwa mteja hayakuwa aibu tu: kila ombi la kweli huacha alama ya ukaguzi kwenye ripoti, ambayo hukaa miaka 2, na FICO huihesabu kwa miezi 12. Kwa watu wengi ukaguzi mmoja hupunguza alama zisizozidi tano. Maombi manne ya haraka haraka kwa sababu programu imekushawishi ni habari nyingine.

Nashauri hivi: ukiona neno la kukubaliwa kabla ya kuomba, lichukue kama tangazo. Kampuni nyingi za kadi zina ukurasa wa kupima kama unafaa, na upimaji huo haugusi alama. Nenda ukapime hapo mwenyewe. Usibonyeze kitufe kilicho chini ya nusu duara.

Kwa mkopeshaji kuna hasara pia, ingawa matangazo yake hayaitaji. Zamani mteja mzuri hakujua kuwa ni mzuri. Alikaa na kadi ya riba kubwa aliyoipata alipofika, akiamini ndiyo inayomfaa mtu kama yeye. Leo mwenye 760 anaona 760, na anajua benki ya ng'ambo ya barabara ingempenda. Kwa hiyo alama zikifika juu ya 740 hivi, huo ndio wakati wa kupiga simu nambari iliyo nyuma ya kadi na kuomba riba ipunguzwe au ada ya mwaka ifutwe. Hawatakubali kila mara. Lakini kuuliza hakugharimu kitu, na mhudumu naye anaweza kuona kwamba wewe ni mteja mzuri, hivyo hana la kukutisha nalo.

Sasa tuseme juu ya namba yenyewe, maana ndiyo inayowachanganya watu. Fungua programu tatu asubuhi moja na unaweza kupata namba tatu tofauti. Hakuna iliyokosea. Chase imekuwa ikionyesha alama za VantageScore, mfumo ulioanzishwa mwaka 2006 na zile kampuni tatu za kumbukumbu. Discover huonyesha FICO. Kuna alama za FICO za kadi na za magari zinazokwenda kati ya 250 na 900, kwa hiyo 720 ya kipimo hicho si 720 ya kile kingine. Na wakopeshaji wa nyumba, kwa miaka mingi, wametumia matoleo ya zamani ya FICO, wakachukua namba ya katikati kati ya tatu. Mtu anayepanga kununua nyumba kwa kutegemea namba ya programu yake ya bure anaweza kufika kwa afisa wa mikopo akaambiwa yuko alama 30 chini ya alivyodhani. Soma maandishi madogo chini ya nusu duara: ni mfumo gani, toleo gani, na kumbukumbu zimetoka kwa kampuni ipi. Kisha fuata mfumo mmoja huo huo mwezi hadi mwezi, uone mwelekeo. Kuzilinganisha programu mbili ni kujipa presha bure.

Kwa mgeni tofauti hii ina maana nyingine. FICO huhitaji akaunti yenye umri wa angalau miezi 6 ndipo itoe alama, ilhali VantageScore yaweza kutoa baada ya mwezi mmoja hivi. Ndiyo maana mtu mwenye kadi ya miezi miwili anaona namba kwenye simu, anakwenda kuomba mkopo wa gari, na anaambiwa hana alama kabisa. Na rekodi yako ya CRB ya Nairobi, yaani kampuni za Kenya zinazoweka kumbukumbu za wakopaji, iwe safi namna gani, kwa kawaida haivuki bahari pamoja nawe.

Nimetaja CRB kwa sababu nyingine. Wakenya wengi wamelijua neno hilo kama tishio: "umewekwa CRB" maana yake umefungiwa milango. Woga huo husafiri. Nimewasikia watu hapa wakisema usizitazame alama zako mara kwa mara, zitashuka. Si kweli. Ukijitazama mwenyewe, kila siku ukipenda, hakuna kinachopungua. Kinachohesabiwa ni mkopeshaji kukukagua kwa sababu umeomba mkopo.

FICO wenyewe wametangaza mgawanyo wa jumla wa alama zao: asilimia 35 ni historia ya kulipa, 30 ni kiasi unachodaiwa, 15 ni umri wa akaunti zako, 10 ni mikopo mipya, na 10 ni aina za mikopo uliyo nayo. Umri wa akaunti huwezi kuuharakisha. Historia ya kulipa inajengwa kwa kulipa, na dawa yake ni kuweka malipo ya kiotomatiki ya angalau kiwango cha chini, kisha ukaongeza mwenyewe. Jua tu kwamba malipo yaliyochelewa siku tano yanaweza kukuletea faini, lakini hayapelekwi kwenye kumbukumbu mpaka yapite siku 30. Yakipita, hukaa humo miaka 7. Mtu aliyesahau siku 20 bado ana muda wa kujiokoa, na asikae akajilaumu huku siku zinakwenda.

Ile asilimia 30 ndiyo inayowaliza wenye kadi ndogo. Chukua mfano wa dada aliyepata kadi ya amana: ameweka dola 500 benki, na kikomo cha kadi ni dola 500. Mwezi mzima ananunua chakula, mafuta ya gari na kulipia simu, jumla dola 430. Hesabu ya mwezi inafungwa tarehe 14. Siku ya mwisho ya kulipa ni tarehe 8 ya mwezi unaofuata, kwa kuwa sheria inataka mteja apewe angalau siku 21. Yeye ni mwangalifu, analipa zote 430 tarehe 5. Hatozwi riba hata senti. Lakini benki ilikwisha kupeleka kumbukumbu zake baada ya tarehe 14, na kilichoandikwa ni kwamba anadaiwa 430 kati ya 500, yaani asilimia 86 ya kikomo. Nusu duara inasogea kuelekea nyekundu. Anafungua programu, anaona ameshushwa, na anajiuliza kosa lake nini, naye amelipa kila kitu.

Hana kosa. Mfumo unamwona kama mtu aliyebanwa, kwa sababu unapiga picha siku ile hesabu inapofungwa. Akilipa dola 380 tarehe 12, hesabu itafungwa na deni la dola 50, asilimia 10, na mwezi unaofuata namba itakuwa imepanda bila yeye kupunguza hata mkate mmoja. Matoleo yanayotumika sana, kama FICO 8 na VantageScore 3.0, hayakumbuki ulitumia asilimia ngapi miezi iliyopita, ingawa matoleo mapya yameanza kutazama mwenendo wa miezi kama 24.

Hapa nina maoni ambayo wauzaji wa programu hawatayapenda. Kama huna mpango wa kukopa katika miezi mitatu ijayo, usihangaike na mchezo huu wa tarehe. Lipa kadi yako yote kila mwezi, uishi maisha yako. Namba iliyoshuka alama 40 kwa sababu ya kikomo kidogo itarudi yenyewe utakapoihitaji, ukilipa mapema mwezi mmoja kabla. Kuna watu wameifanya nusu duara kuwa kama matokeo ya mechi, wanaitazama kabla ya kunawa uso. Kampuni zinafurahi. Wewe hupati kitu.

Na kuna uongo mmoja unaosambaa kwenye baraza za kahawa na makundi ya WhatsApp: acha deni kidogo kwenye kadi usilipe lote, eti hupandisha alama. Huo ni mtego. Riba za kadi Marekani kwa wastani zimepita asilimia 20 kwa mwaka, na kubakiza deni hakukuongezei alama yoyote. Anayenufaika na ushauri huo ni mkopeshaji.

Kitu ambacho namba ya bure haikuonyeshi vizuri ni sababu zake. Programu itakwambia "deni lako ni kubwa" au "akaunti zako ni changa". Haitakwambia kwamba kuna hospitali imekuandikia deni la mtu mwingine. Hilo liko ndani ya ripoti, na ripoti zote tatu sasa unaweza kuzipata bure kila wiki kupitia AnnualCreditReport.com, tovuti iliyowekwa chini ya sheria. Utaratibu wa kila wiki ulianza mwaka 2020 wakati wa korona na ukafanywa wa kudumu mwaka 2023. Alama zako ni matokeo ya ripoti hizo, kwa hiyo zisome.

Watu wa kwetu wana sababu ya ziada ya kuzisoma, nayo ni majina. Mtu mwenye majina matatu, la baba na la babu ndani yake, huandikwa hivi kwenye kadi ya ukaazi, vile kwenye leseni, na kwa namna ya tatu benki. Jina la katikati linageuka la ukoo. Matokeo yake kumbukumbu zinaweza kugawanyika mara mbili, au zikachanganyika na za binamu mnayeishi naye anwani moja. Ukiona akaunti usiyoijua, andika malalamiko kwa kampuni ya kumbukumbu. Kwa kawaida inapaswa kuchunguza ndani ya siku 30. Na tangu leo chagua namna moja ya kuandika jina lako na usiiache.

Ndugu nao wana sehemu yao katika namba hii. Mjomba mwenye kadi ya miaka kumi isiyochelewa anaweza kukuongeza kama mtumiaji wa kadi yake, na mara nyingi historia ile nzuri huingia kwenye ripoti yako. Ni msaada mkubwa kwa aliyefika juzi. Lakini mjomba akiijaza kadi hiyo kwa harusi ya binti yake, nawe unashuka naye. Hapo waweza kuomba uondolewe. Udhamini ni mzito zaidi. Ukisaini pamoja na ndugu achukue gari, deni ni lako kwa ukamilifu, na habari ya kwanza utakayoipata kwamba amekwama huenda ikawa ni alama zako kuporomoka, yaani siku 30 zimekwisha kupita. Kama huwezi kukataa, na kwetu kukataa ni kazi, basi sharti lako liwe moja: uwe na nywila ya kuingia kwenye akaunti ya mkopo huo, uione mwenyewe kila mwezi. Anayekataa sharti hilo amekwisha kukujibu.

Inauma kidogo kwamba upatu hauhesabiwi. Mama anayetoa dola 200 kila mwezi kwa miaka minane bila kukosa, mbele ya wanawake kumi na wawili wanaomjua, machoni pa Equifax ni mtu asiye na historia. Mfumo hauna pa kuliandika hilo, na sioni dalili ya benki kuharakisha kulitafutia mahali. Kwa hiyo upatu uendelee kwa heshima yake, na kadi ndogo ya amana iwe pembeni kwa ajili ya mashine.

Kuhusu kulipia huduma za alama, naona hakuna haja kwa watu wengi. Januari 2017 CFPB iliziamuru Equifax na TransUnion kulipa jumla ya zaidi ya dola milioni 23, faini na marejesho pamoja. Ziliwaambia wateja kwamba alama walizouziwa ndizo wanazotumia wakopeshaji, na ziliwavuta kwa toleo la bure au la dola moja lililogeuka malipo ya kila mwezi. Kama hofu yako ni wezi wa utambulisho, na hofu hiyo ina msingi tangu Equifax ilipoibiwa taarifa za watu wapatao milioni 147 mwaka 2017, ziba faili lako kwa kampuni zote tatu. Tangu Septemba 2018 kuziba na kuzibua ni bure kwa sheria, na bado utaendelea kuona alama zako. Kumbuka tu kuzibua kabla ya kuomba mkopo.

Na ukiomba ukakataliwa, usiitupe barua. Sheria inamtaka mkopeshaji aliyekunyima kwa sababu ya alama zako akutajie namba aliyoitumia, jina la aliyeitoa, na sababu kuu zilizoishusha. Hiyo ndiyo namba iliyoamua ombi lako, nayo inaweza kutofautiana na ya kwenye simu yako. Barua hiyo hukupa pia siku 60 za kuiomba bure ripoti ile ile aliyoisoma. Iweke mezani pamoja na ripoti, uanze na sababu ya kwanza iliyoandikwa, kwa kuwa kwa kawaida sababu hupangwa kuanzia ile yenye uzito zaidi.